Mwaka wa Milango ya Mafuriko

Shada kubwa kuliko yote katika msiba wa Mama Espérance lilitoka kwa Dikoni Waweru. Lilisimamishwa kando ya jeneza, maua meupe yamepangwa kwa umbo la msalaba, na utepe wa zambarau ukasema kwamba kampuni nzima inamlilia mfanyakazi mwaminifu. Nilisimama mbele ya utepe ule katika ukumbi wa mazishi kule Sharpstown, Houston, miguu imekufa ganzi kwa kuendesha gari tangu alfajiri kutoka Fort Worth, na mate yakanijaa mdomoni kama mtu anayekaribia kutapika. Aliyenunua maua yale ndiye aliyemfukuza kazi. Mchungaji naye akasimama akamsifu marehemu kuwa mwanamke mpole asiyepaza sauti, na waombolezaji wakaitikia amina, nami nikajiuliza tunamzika nani hasa. Espérance niliyemjua mimi sauti yake ilisikika kupita mashine za karakana. Njiani kurudi, binti yangu aliacha kutazama simu akaniuliza kwa Kiingereza chake huyo mama alikuwa nani kwetu, mbona sikulia, mbona nilikuwa nimekunja uso tu kama mtu aliyekula kitu kilichooza. Sikumjibu vizuri. Jibu ni mwaka mmoja, nao ndio huu.

Mwaka ule nilikuwa bado sijafika thelathini, nikiishi Euless, mji ulio jirani na Fort Worth, na wasichana wawili Wakenya waliokuwa wakisomea uuguzi, katika nyumba ya ghorofa iliyokuwa chini kabisa ya njia ya ndege. Kila baada ya muda vikombe vilicheza kabatini na sisi tulinyamaza katikati ya sentensi, tukangoja ndege ipite, kisha tukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Jumapili tulikwenda kanisa la Wakenya, na baada ya ibada kulikuwa na chai ya maziwa, mandazi na habari za kazi. Habari za kazi zote zilipita kwa Dikoni Waweru, shemasi wa kanisa hilo. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, shati lake jeupe siku zote, na alikuwa na namna ya kukushika mkono kwa mikono yake yote miwili ukajiona umeshaokoka. Alikuwa msimamizi wa ubora katika karakana moja ya Fort Worth iliyotengeneza bidhaa za mpira. Aliniambia, "Nekesa, wewe ni msichana msafi, una akili. Kuja Jumatatu. Utafanya na mimi." Nikaenda. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule, na leo nikikumbuka shukrani ile nasikia kinyaa.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya reli, jengo la bati refu lenye harufu ya mpira uliopikwa, harufu inayokaa kwenye nywele hata uoshe mara ngapi. Miaka michache nyuma ilikuwa ikitengeneza mipira ya milango ya majokofu makubwa. Kisha ikaja ile ajali ya Japani, mawimbi ya bahari yalipoingia katika mtambo wa nyuklia yakazamisha jenereta za dharura, pampu za kupoza vinu zikasimama, na dunia nzima ikatazama moshi kwenye televisheni. Baada ya hapo mitambo ya nyuklia ya Marekani nayo ikatakiwa kujikagua: maji yakija, yataingilia wapi? Mlango wa chumba cha pampu utayazuia? Kwa hiyo wakaanza kuagiza milango mizito ya chuma ya kuzuia mafuriko, na kila mlango ulihitaji mpira wa kuzunguka ukingo wake, ule ambao mafundi wanauita gasketi. Sisi tulitengeneza gasketi hizo. Siku yangu ya kwanza Dikoni alinipeleka kwenye chumba cha majaribio, palipokuwa na tangi lenye mlango wa chuma upande mmoja, akaniambia kazi yangu ni kusimama kwenye vali, kufungulia maji nyuma ya mlango na kuangalia kama yanapenya. "Kazi ya uhai na kifo hii," alisema. Alisema kweli, na alikuwa anajua.

Mama Espérance alikuwa kwenye mashine ya kukandamiza mpira. Alitoka Bukavu, akapita kambini, akaletwa Fort Worth na wale wanaopokea wakimbizi, na alikuwa na mabega mapana na mdomo usiopumzika. Tulikutana kwenye chumba cha chakula, chumba kisicho na dirisha, chenye meza ndefu na maikrowevu iliyochafuka ndani kama jiko la mwanafunzi. Alipasha sombe yake, majani ya muhogo yaliyotwangwa, mimi nikapasha wali wangu wa jana, naye akachungulia bakuli langu akasema, "Njo chakula unakula iyi? Mudogo yangu, utakufa mbele ya muchana." Akanimegea bugali, ugali wa kwao, bila kuniuliza. Tangu siku hiyo tulikula pamoja. Kiswahili chake na changu vilisukumana mwanzoni. Mimi nikisema "watu wanasema", yeye husema "bantu banasema", "ndiyo" yangu kwake ni "njo", na akikasirika hugeukia Kifaransa, lakini baada ya majuma machache hata mzaha wa pembeni tulishaelewana. Aliniambia habari za mtoto wake, Sifa, aliyekuwa shuleni na tayari anaona aibu akiitwa kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Aliniambia pia, akipunguza sauti kwa mara ya kwanza, kwamba mpira uliokuwa ukiletwa siku hizi si ule wa zamani.

Nilikwenda kuona. Alinipa kipande kilichotoka kwenye mashine, bado moto, akaniambia nikikunje. Nilipokikunja, uso wake laini ukapasuka kidogo na ndani nikaona matundu madogo madogo kama ya mkate. "Unaona? Iko na matundu ndani. Inje iko muzuri, inapendeza sana, lakini mu ndani iko kama mukati." Alikuwa amemwambia msimamizi wa zamu, na msimamizi wa zamu alikuwa amemwambia Dikoni, na Dikoni alikuwa amesema waendelee. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa likinisumbua kule kwenye tangi. Kila shehena ilitakiwa kutoa kipande cha kujaribiwa. Na kila mara, kipande nilicholetewa kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa kilekile cha kijani, na kona yake moja ilikuwa na mkwaruzo uleule. Gasketi moja ya zamani, nzuri, ya mpira ule wa kwanza, ilikuwa ikijaribiwa tena na tena kwa niaba ya zote zilizopakiwa. Vijana wa kupakia walikuwa wameshaipa jina. Waliiita Bibi Harusi. "Leteni Bibi Harusi," walisema wakicheka, na Dikoni alicheka nao.

Kabla ya kila jaribio aliomba. Hili ndilo lililonichukiza kupita yote, na miaka yote hii halijapoa. Alivua kofia yake, akaweka kiganja juu ya mlango wa chuma, akafumba macho na kusema, "Baba, ibariki kazi ya mikono yetu, uwalinde wale watakaolala wakitegemea milango hii." Kisha akachovya kidole kwenye grisi, akapaka ukingo wa Bibi Harusi ili ung'ae vizuri mbele ya kamera ya mteja, akanifanyia ishara nifungue maji. Maji hayakupenya, bila shaka. Akasema amina. Nilimtazama akijifuta grisi kwa leso. Mwizi anayejificha gizani angalau anajua anachofanya ni aibu. Huyu alimwalika Mungu awe shahidi wake wa uongo.

Nilimfuata Jumapili baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi. Nilimwambia kwamba mipira mipya ina matundu, na kwamba hatuijaribu. Hakukana. Alinivuta kando ya meza ya mandazi akaninong'oneza, uso wake ukiwa na huruma kubwa, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Nekesa, dadangu. Unajua hapa kanisani ni wangapi wanafanya kwa ile karakana? Hii order ikipotea, sote tunarudi kuosha wazee. Ile milango haitawahi kuona maji. Ni karatasi tu za serikali. Usijibebeshe." Halafu akaniongezea andazi kwenye sahani. Niliporudi nyumbani niliwaeleza wale wasichana niliokaa nao, nikidhani wao, wanaosomea uuguzi, watanielewa. Mmoja wao, Chebet, alisema, "Lakini Dikoni ametusaidia sisi sote, Nekesa. Mimi hata deposit ya hii nyumba ni yeye alitusemea." Nikamuuliza kama angeandika kwamba amempima mgonjwa presha wakati hajampima. Akashtuka. "Hiyo ni different. Huyo ni mtu." Ndege ikapita, vikombe vikacheza, naye akawasha televisheni.

Katikati ya mwaka mteja mmoja alisema hatosheki na video. Mtambo wao ulitaka kumtuma mkaguzi wake aone jaribio kwa macho yake, katika yadi ya kampuni iliyoko Houston, ambako kulikuwa na tangi kubwa zaidi na ndiko shehena zilikoondokea. Tulipelekwa watu wachache kwa gari la kampuni: bosi mkubwa Mmarekani, Mista Dale, Dikoni, Espérance wa kufunga gasketi na mimi wa kushika vali. Nyuma ya gari kulikuwa na makasha ya mipira mipya, na juu yake, ndani ya kitambaa chake cha kijani, Bibi Harusi. Wakubwa walilala hotelini. Sisi wawili tulilala Sharpstown kwa wifi yake Espérance, Mama Neema, katika nyumba ya chini kwenye jengo la ghorofa lililojaa watu wa kila nchi, harufu ya tortilla ikitoka mlango huu na ya samaki wa kukaanga mlango ule.

Mama Neema alitupikia makayabu, samaki wa chumvi, na maharage, akatuweka chini, akaanza kusimulia habari za nyumba yake. Rangi ya ukutani ilikuwa mpya hadi usawa wa goti, na juu ya hapo ilikuwa ya zamani. Mvua ilikuwa imepiga kwa siku nzima, alisema, na mwenye nyumba alikuwa ameshawawekea mipira chini ya milango akawaahidi kwamba maji hayataingia. "Tulikala hapa hivi, tunaangalia ule mupira. Nikamwambia bwana yangu, ona, haiingie. Mupaka pale ikaingia mu kipande kidogo, kama muntu anatema mate. Kiisha ikasukuma mulango yote." Walimbeba bibi yao mzee kwenye kiti hadi ghorofa ya juu, viatu na vyeti vya shule vikaelea. Espérance alikuwa ameacha kula. Alikuwa akiitazama ile rangi ya ukutani, bugali mkononi. Mimi niliwaza chumba cha pampu ambacho sijawahi kukiona, na mtu wa zamu aliyekaa ndani yake, akitazama mlango wetu na kumwambia mwenzake, ona, hayaingii.

Asubuhi tulifika yadi mapema. Nilikwenda kwenye jiko dogo la ofisi, chumba kidogo kilichotengwa kwa ubao mwembamba, kuchemsha maji ya chai, na upande wa pili wa ubao nikawasikia Mista Dale na Dikoni. Walikuwa wametulia, wanakunywa kahawa. Mista Dale alisema kwamba milango hiyo itakaa maisha yake yote bila kuona tone. Dikoni akacheka ile sauti yake ya kanisani. Akasema kwa Kiingereza kwamba hata maji yakija, yeye atakuwa ameshastaafu, yuko Naivasha anachunga ng'ombe wake. Wakacheka wote wawili. Nilimimina maji yangu kwenye sinki. Sikuwa na hofu tena, nilikuwa na kinyaa tu, kinyaa safi kama cha mtu aliyeinua mfuniko wa sufuria akakuta funza. Sikumwambia Espérance nilichosikia. Hapakuwa na nafasi, mkaguzi alikuwa ameshafika.

Alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, nywele zake fupi zenye mvi, viatu vya kazi vilivyochakaa, akajitambulisha kuwa ni Teresa, mhandisi. Alitusalimia kwa mikono sote, hata sisi tuliokuwa na ovaroli. Dikoni aliomba, akawalinda kwa maombi wale watakaolala. Kisha akamwashiria Espérance alete gasketi. Espérance akaingia nyuma ya gari, akakaa kidogo, akatoka na kitambaa cha kijani begani. Akakifungua juu ya meza. Mkwaruzo haukuwepo. Aliutandaza mpira ule kwenye ukingo wa mlango, akaukandamiza kwa kiganja kila upande kama afanyavyo siku zote, akafunga bolti, akarudi nyuma. Alipopita karibu nami aliniangalia mara moja tu. Hatukuwa tumepanga lolote. Dikoni alikuwa akiongea na mkaguzi na hakuangalia meza, kwa sababu hakuwahi kudhani kwamba kuna haja ya kuangalia.

Nikafungua vali. Maji yakaanza kupanda nyuma ya mlango, tukayaona kupitia kioo cha pembeni, ya kijivu na yenye povu. Yalipofika usawa wa goti, chini ya ukingo kukatokea doa la unyevu. Kisha tone. Kisha mstari mwembamba, na mstari ukawa mchirizi, na mchirizi ukarukia sakafuni ukalowesha viatu vya ngozi vya Dikoni, vile vya Jumapili. Aligeuka. Niliuona uso wake ukielewa. "Nekesa, funga!" alisema kwa Kiswahili, akitabasamu kwa ajili ya mgeni. "Funga hayo maji. Sema vali imekwama." Sikufunga. "Nekesa! Mimi ndiye nilikuleta hapa!" Mkaguzi alinitazama akaniuliza anasema nini. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ananiambia nifunge maji, niseme vali imekwama. Mista Dale akafungua mdomo. Mkaguzi akainua kiganja kumzuia, akaniuliza, "Na wewe unataka kufanya nini?" Nikasema nataka maji yafike juu, kama yatakavyofika yakija kweli. "Acha wazi," alisema. Tukasimama pale, sote, tukiyatazama yakimwagika kwenye pande tatu za mlango kama bomba lililopasuka. Kisha akamwendea Espérance, akamwomba afungue makasha yote, akajichagulia mwenyewe mpira mwingine, na mwingine. Yote ilivuja. Mchana ule alikuwa ameketi juu ya kasha, simu sikioni, akiwaambia watu wa mtamboni kwake waende wakakague milango ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Sitasema mambo yalinyooka. Gasketi zilirudishwa, za wateja wote, na zilizokuwa zimeshawekwa zikang'olewa na kubadilishwa. Hilo lilifanyika, na lilifanyika kwa haraka, na watu wa mitambo ile walilichukulia kwa uzito ambao sikuwa nimeuona kwetu hata siku moja. Lakini karakana ilihitaji mtu wa kulaumu. Mista Dale alihamishwa kimyakimya, Dikoni akabaki mahali pake. Espérance alifukuzwa kwa kubadilisha kipande cha majaribio bila idhini, na Dikoni ndiye aliyemwita ofisini kumwambia. Alitaka waombe pamoja kabla hajatoka. Nilikuwa mlangoni, nikasikia sauti yake ikipita mashine zote: "Ujiombee weye mwenyewe, Dikoni! Miye minaenda kutafuta kazi!" Jumapili iliyofuata Dikoni alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema Mungu alimfunulia kasoro katika kazi ya mikono yake, akamtia ujasiri wa kuiweka wazi, na leo maelfu wanalala salama. Watu wakapiga makofi. Chebet alipiga makofi. Wanawake wa meza ya chai walinipungia mkono nije, nami nikatoka nje, nikasimama kwenye maegesho ya magari katika jua la Texas, nikatema mate chini kama mlevi.

Nilitaka kuacha kazi. Nilimpigia Espérance, ambaye alikuwa ameshahamia Houston kwa wifi yake na kupata kazi ya kutunza wazee, nikamwambia siwezi kuvumilia kupumua hewa moja na yule mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulizoea. Kisha akasema, "Baliomba weye njo ukae pale ku maji, ama?" Ilikuwa kweli. Teresa alikuwa ameweka masharti mapya: kila gasketi ijaribiwe, si moja kwa niaba ya nyingine, na alikuwa ametaja jina langu. "Basi ubakie. Ukitoka, batamuweka nani? Yeye! Vraiment, kweli, Nekesa, kama anakuchukiza, muzuri sana. Ikae ikuchukize. Siku haitakuchukiza tena, njo utoke." Nikacheka, naye akacheka, nyuma yake nikasikia watoto wakigombana kwa Kiingereza.

Nikabaki. Mpira ukarudi kuwa ule mzuri, ghali na wa kuchelewa, na mimi nikawa nasimama kwenye tangi jipya kutwa nzima, gasketi baada ya gasketi, mikono imenyauka kwa maji. Mwishoni mwa mwaka, shehena ya kwanza ya mtambo wa Teresa ilipokuwa ikikamilika, lori lilikuwa linaunguruma nje na dereva anapiga honi. Dikoni alikuja na shati lake jeupe, akasimama kando yangu. "Zilizobaki zote ni za mpira mmoja, Nekesa. Hata wewe unajua ziko sawa. Tuachilie lori iende, watu wako na familia." Sauti ileile ya huruma. Nilikausha mlango, nikafungua bolti, nikatoa gasketi iliyopita jaribio nikaiweka upande wake. Nikamwambia, "Leta inayofuata." Akangoja nibadili nia. Aliangalia mlangoni kama kuna kijana wa kumtuma, hapakuwa na mtu, wote walikuwa kwenye lori. Basi akainama, akainyanyua gasketi ile nzito, akaitupia begani, masizi ya mpira yakamchafua shati kuanzia shingoni hadi mkononi, akaniletea. Nikaifunga. Hakuomba. Nikafungua maji, tukasimama tukiyaangalia yakipanda.